Sauti Ndani ya Besi

Kiongozi wa bendi alikutwa stoo, kalala kifudifudi kati ya mazulia mabovu na maboksi ya waya, kisogo kimepasuka. Kando yake kulikuwa na kitako cha chuma cha stendi ya maikrofoni, kimefutwa vizuri kuliko sahani yoyote ya jikoni mle. Inspekta alipofika saa nne asubuhi, watu sita walikuwa wameshaingia kuchungulia, na mmoja alikuwa ameifunika maiti kwa koti.

"Nani kaweka hili koti?"

Fundi mitambo, mtu mwembamba aliyesimamia kurekodi, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mimi, afande. Nimemkuta hapa saa tatu na nusu, nimekuja kuchukua waya. Ilikuwa heshima tu."

"Heshima ungempa akiwa hai. Sasa umenichanganyia ushahidi. Tokeni wote."

Inspekta alikuwa mama wa miaka hamsini, na hasira zake zilijulikana kituo kizima. Safari hii alikuwa na haki nazo. Mtu kauawa asubuhi kweupe, mlango wa nyuma wa studio uko wazi kwa sababu wavuta sigara wanaona taabu kuufunga, na kila anayeulizwa anazungumzia albamu. Albamu itachelewa. Albamu itakuwaje. Hakuna hata mmoja aliyesema maskini.

"Kati ya saa mbili na saa mbili na nusu," daktari wa polisi alisema akivua glavu. "Pigo moja, kutoka nyuma. Alama za vidole usitegemee."

Kwa mujibu wa mlinzi wa getini, saa hizo walikuwa wameingia wawili tu: Kiongozi na mpiga besi. Wengine walifika saa tatu.

Mpiga besi alikuwa mnene, mpole, mtu wa maneno machache. Alikuwa amefiwa na mkewe miezi minne nyuma. Mkewe huyo, waliyemwita Chiriku, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Inspekta alimketisha kwenye chumba kikubwa cha kurekodia.

"Saa mbili ulikuwa wapi?"

"Hapa. Napiga besi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Kiongozi alitaka besi ya wimbo wa mwisho irudiwe. Mashine naijua, nikajirekodi mwenyewe mpaka karibu saa tatu."

"Mtu kapigwa chuma cha kichwa hatua kumi kutoka hapa, hukusikia?"

"Nilivaa hedifoni, afande."

"Mlikuwa mnaelewana?"

"Kama watu wa bendi."

"Yaani hamuelewani."



Mlinzi naye aliapa. "Niliisikia besi, afande, tangu saa mbili na kidogo. Ukuta mzima unatetemeka. Anamaliza wimbo, anaanza tena ule ule, hakupumzika." Na kwenye kompyuta ya studio, faili la besi lilikuwepo, limeandikwa tarehe ya leo, saa mbili na dakika kumi.

"Basi ni mlango wa nyuma," koplo alisema. "Vibaka hao."

"Kibaka gani anaua mtu halafu anaacha magitaa sita?"

Inspekta akamvuta fundi mitambo pembeni.

"Jana hapa palikuwa na nini? Na usinifiche, leo sina subira."

Fundi alishusha pumzi. "Kiongozi alileta mwimbaji mpya. Alitaka aimbe upya wimbo wa mwisho wa Chiriku. Mpiga besi akasema huo usiguswe, akaondoka bila kuaga."

"Kwa nini huo?"

"Chiriku alimtungia binti yao. Binti yuko chuoni, mbali. Mama kaugua, kafa, mtoto hajawahi kuusikia. Tangu msiba baba mtu anaomba nakala ampelekee. Kiongozi anasema ni mali ya bendi, haitoki mpaka albamu itoke."

"Hebu nionyeshe hiyo sauti ya marehemu."

Fundi alitafuta. Akatafuta tena. Akachomeka diski ya akiba, akatafuta huko pia.

"Haipo," alisema polepole. "Imefutwa jana jioni, kote kuwili. Kiongozi kaacha besi tu, ili huyu mpya aimbie juu yake."

Inspekta aliuma meno. Sasa alikuwa amemkasirikia maiti, na hilo halikuwa kazi yake. Alivuta kiti.

"Nipigie hiyo besi ya leo. Yenyewe tu, kwa sauti ya juu. Mtu akiniletea ushahidi wa muziki, siusomi, nausikiliza."

Besi ilianza, nzito, bila haraka. Ubeti wa kwanza ukapita. Mahali ambapo besi hupumzika kidogo, Inspekta aliinua kidole. "Rudisha. Ongeza."

Ndani ya kile kimya, mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, mwanamke alikuwa akiimba.

Fundi aliondoa mikono kwenye mitambo. "Huyo ni Chiriku."

"Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Chiriku alikuwa hawezi kuimba asipomwona mumewe. Tukawarekodi humu ndani wawili, uso kwa uso, kabla hajalazwa. Kila mmoja na maikrofoni yake, lakini maikrofoni haina adabu. Ile ya besi ikamdaka na yeye kidogo. Vyombo vyote vikilia huwezi kumsikia. Afande, hii ni besi ya wakati ule. Mpiga besi alikuwa na nakala yake ya mazoezi kwenye flashi."

"Na saa ya leo?"

"Ni saa alipoiingiza kwenye mashine. Aliyosikia mlinzi ilikuwa spika."

Mpiga besi aliitwa tena. Koplo alisimama mlangoni na pingu.

"Hii umeirekodi leo asubuhi?" Inspekta aliuliza.

"Nimeshasema ndiyo."

"Basi sikiliza."

Mpiga besi alifumba macho, kichwa kikifuata mapigo.

"Unasikia nini?"

"Besi."

"Na nini tena?"

Alifumbua macho, akamtazama Inspekta kwa mshangao wa kweli.

"Kwani na wewe unamsikia?"

"Chumba kizima kinamsikia."

"Mimi namsikia kila siku, afande. Bafuni, barabarani, nikila. Kila nikipiga hii besi yuko humo. Nikajua ni kichwa changu tu."

"Kiongozi ulimkuta wapi?"

"Stoo. Nikamwomba kwa heshima. Nikamwambia, mpya aimbe, sawa, ila nipe ile ya mama mtoto, nimpelekee binti yangu. Akasema kaifuta. Akasema, 'Asiyekuwepo na lake halipo.' Halafu akanipa mgongo, anatafuta waya. Kama angenitazama tu usoni, labda. Nikashika chuma."

"Kisha ukafuta chuma, ukaweka besi ilie."

"Ndiyo."

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Hakuna aliyeuzima.

"Miezi minne," Inspekta alisema, na hasira ilimtetemesha sauti. "Miezi minne unawapigia watu magoti kwa ajili ya sauti hii, na unayo mfukoni. Umeua mtu kwa ajili ya kitu ulichokuwa nacho mfukoni."

Mpiga besi alilia kwa sauti, mtu mzima yule, bila kujifuta.

"Mpe binti yangu, mama. Mpe tu hiyo."

"Siwezi. Tangu sasa ni kielelezo."

"Atamsikia lini mama yake?"

Inspekta aliichukua mezani ile flashi, ambayo koplo alikuwa ameitoa mfukoni mwa mpiga besi alipompekua, akaitia kwenye bahasha, akaandika namba moja.

"Siku ya kesi yako, mbele ya jaji. Mwambie aje mapema apate kiti cha mbele, sauti yenyewe ni ndogo."