Shangazi na Gololi Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Baba alitoka nje na kitambaa chake cha manjano akampangusa Shangazi vumbi la usiku. Shangazi hakuwa mtu. Lilikuwa gari letu dogo la samawati, kuukuu lakini safi. Watu wa mtaa wetu wa Jericho walilipa jina hilo kwa sababu lilikwenda polepole, lilitaka heshima, na halikuondoka mahali bila kupewa kitu: maji, mafuta, au msukumo mdogo kutoka nyuma.

Mwaka huo, tulipoanza kunywa maziwa ya bure shuleni, petroli ilikuwa imepanda bei sana. Baba alikwenda kazini kwa miguu, na Shangazi alikaa mbele ya nyumba tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Alitupeleka kanisani mimi, Mama, Baba na jirani yeyote aliyewahi nafasi.

Baba alikuwa karani katika bohari moja karibu na reli, na alipenda mihuri kuliko asali. Ndani ya gari aliweka kitabu cha sevisi, cha kuandikia matengenezo, na kila ukurasa ulikuwa na mhuri wa kampuni moja ya kutengeneza magari katika Eneo la Viwanda. "Gari bila mhuri ni kama mtu bila kipande cha utambulisho," alisema. Mama hakukubaliana naye. Yeye alimpenda Fundi Munyoki, aliyetengeneza magari kando ya ua wa ukumbi wa mtaa, hatua chache kutoka kwetu.

"Kampuni inatoza hata kukusalimia," Mama alimtania.

"Na Munyoki hana risiti," Baba alijibu. Ubishi wao haukuisha, na kusema kweli nilidhani waliupenda.

Sasa nieleze kosa langu. Jina langu ni Nangila, na nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuna mvulana katika mstari wetu wa nyumba aliyeniweza kwenye mchezo wa gololi. Likizo hiyo ya Agosti nilimshinda Thuo, jirani yetu, nikamchukulia gololi zake zote kumi na mbili. Hazikuwa za kioo kama zetu. Zilikuwa za chuma, nzito na zenye kung'aa, zilizotolewa ndani ya beringi kuukuu, ule mviringo wa chuma unaolizungusha gurudumu la gari.

"We Nangila, hizo zitarudi tu," Thuo aliniambia huku macho yamemwiva. "Kesho tunacheza tena, ama unaogopa?"

Tatizo lilikuwa Mama. Kwake, mchezo wa kunyang'anyana gololi ulikuwa kamari, na kamari haikuingia nyumbani mwake. Kama angeziona, zingeishia kwenye pipa la takataka. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu, na Mama alijua kila pembe. Kwa hiyo nilizificha nje. Shangazi alikuwa na vifuniko vya chuma katikati ya magurudumu, na kimoja kililegea upande. Nilikiinua kwa kijiko cha uji, nikaziingiza gololi nyuma yake, nikakirudisha. Nilijiona mwerevu. Gari halikuondoka hadi Jumapili, nami ningezitoa Jumamosi jioni, kisha kuzirudisha Jumatatu.

Wiki mbili mambo yalikwenda sawa. Jumamosi ya tatu Mama alinipeleka kusukwa nywele kwa Mama Thuo. Nilikaa hapo tangu saa nane hadi giza likaingia, kichwa kinaniuma, na gololi nikazisahau kabisa.

Jumapili Shangazi alipoanza tu kusogea, sauti ikatoka chini: kwara, kwara, kwara. Nilijua mara moja ni gololi zangu. Baba alikunja uso. Tulipofika Barabara ya Jogoo na gari kuongeza mwendo, sauti ilinyamaza. Tulipopunguza mwendo karibu na kanisa, ikarudi.

"Ni beringi," Baba alisema kwa uhakika, ingawa sijui aliutoa wapi. Aliegesha, akaokota jiwe, akavigonga vifuniko vyote vinne mpaka vikakazika. "Angalau hivi havitaanguka."

Jioni hiyo, Baba na Mama walipokwenda kumwona mgonjwa, nilichuchumaa kando ya gurudumu na kijiko changu. Kifuniko hakikutikisika. Niliongeza nguvu, na kijiko kikapinda shingo. Nilikirudisha kabatini chini ya vingine. Kesho yake Mama alikiona, akauliza ni nani aliyekipinda. Nilichukua ndoo nikatoka nje, kama niliyetumwa maji.

Jumatatu Baba aliomba ruhusa kazini akampeleka Shangazi kwenye kampuni. Alirudi na karatasi iliyopigwa chapa vizuri sana. Kubadilisha beringi, kipuri na kazi, shilingi elfu moja na mia moja na arobaini. Gari lipelekwe Ijumaa saa tatu.

Mama aliisoma karatasi mara mbili. Hakumtania Baba safari hii. Alikwenda chumbani akarudi na mkebe wa majani ya chai. Nilijua kilichokuwa ndani. Kwa miaka miwili Mama alikuwa akishona kwa mkono pindo za sare za watoto wa mtaa, akiweka akiba ya kununua cherehani. Usiku aliniomba nimtungie uzi sindanoni kwa sababu macho yalichoka. Mwezi huo ndio angenunua.

"Chukua, Baba Nangila," alisema. "Cherehani kitangoja. Siwezi kupanda gari ambalo gurudumu linaweza kung'oka."

Baba aliinamisha kichwa. "Nitairudisha."

"Najua."

Sikula vizuri siku hiyo wala siku iliyofuata. Jumatano nilimwendea Fundi Munyoki. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, akifunga kipuri kichakavu ndani ya gazeti. Hiyo ilikuwa desturi yake. Kila alichokitoa ndani ya gari la mtu alikirudisha kwa mwenyewe kimefungwa gazetini, ili mtu asiseme amedanganywa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Nangila. Shangazi yako hajambo?"

Nilimweleza kila kitu, tangu Thuo hadi kijiko. Nilimwomba aje mchana, Baba akiwa kazini, akifungue kifuniko kwa bisibisi, nami ningemlipa kwa kumwoshea spana mwezi mzima.

Munyoki alinitazama. "Hiyo sauti inalia gari likienda polepole au likikimbia?"

"Polepole. Likikimbia inanyamaza."

Alicheka kidogo. "Beringi mbovu hulia zaidi gari likikimbia. Gololi zako ndizo zinazonyamaza, maana zinabanwa pembeni gurudumu likizunguka kwa nguvu. Kwa hiyo umesema kweli." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sitakifungua. Gari la mtu ni kama nyumba yake. Siingii mwenyewe akiwa hayupo. Mwambie baba yako."

"Fundi, mwambie wewe."

"Mimi sikuziweka humo," alisema, akarudi kufunga gazeti lake.

Alhamisi jioni Mama alizihesabu zile pesa mezani, akazifunga kwenye leso na kumsogezea Baba. Fundo la leso lilikuwa dogo, nami nikaona pindo zote za miaka miwili ndani yake. Nilikwenda kabatini nikachukua kijiko kilichopinda, nikakiweka kando ya leso.

"Mama, nilikipinda mimi," nilisema. Maneno ya kwanza yalipotoka, mengine yalifuata yenyewe, pamoja na machozi.

Nilipomaliza, Mama alikichukua kijiko akakigeuza mkononi.

"Umejua tangu Jumapili?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na umenitazama nikizihesabu pesa hizi?"

"Ndiyo."

Hakunipiga wala hakunikaripia. Alinitazama tu, na ningependelea fimbo. Baba ndiye aliyeamua. Mimi nilipewa jina la mama yake, na kwa hiyo aliniita mama hata akiwa na hasira.

"Mama," alisema, "kesho asubuhi tutakwenda kwa Munyoki. Wewe ndiwe utakayeeleza."

Ijumaa, kabla jua halijapanda, nilieleza tena, mara ya tatu. Munyoki alisikiliza kana kwamba hajawahi kuyasikia, na hapo nilimpenda sana. Kisha aliingia ndani ya Shangazi, akafumba macho, akamwambia Baba aendeshe hadi kona ya ukumbi na kurudi. Hakuwahi kugusa gari bila kulisikiliza kwanza. Waliporudi, alichomeka bisibisi, akabinua, na gololi zikamwagika ndani ya karai. Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na mbili.

Baba alicheka kwa nguvu, hata akaegemea gari. Halafu akaitoa mfukoni ile karatasi ya kampuni. "Elfu moja na mia moja na arobaini," alisema. "Wale ni wezi."

"Ngoja, Mzee Patrobas," Munyoki alimwambia Baba. Alikuwa amepandisha gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akaizungusha beringi kwa mkono. "Beringi ni nzima kabisa. Lakini tazama hapa." Alionyesha mpira mwembamba uliopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Ulikuwa na nyufa, na unyevu ulikuwa ukichungulia. "Huu utakuacha njiani, labda ukiwa na watoto ndani. Mimi naweza kukupatia uliotumika kutoka soko la vipuri la Grogan, lakini breki sizichezei. Peleka kwa kampuni. Wana mpira mpya na mashine ya kupima."

"Wewe unanituma kwa kampuni?" Baba aliuliza kwa mshangao.

"Breki siwezi kuzipima kwa bisibisi."

Alimtoza Baba shilingi kumi tu. Kisha akafunga gololi zangu ndani ya gazeti, akanipa kwa mikono miwili, kama alivyowapa wateja wake wote.

Tulikwenda Eneo la Viwanda polepole sana, Baba akiwa ameuma meno. Pale kwenye kampuni aliomba kumwona mkubwa. Akaja msimamizi wa mafundi, Bwana Burale, mtu mrefu mwenye ovaroli safi. Baba alimweleza habari ya gololi, akaitupa karatasi juu ya meza. "Mlitaka kunibadilishia beringi nzima."

Bwana Burale aliisoma bila haraka, akamgeuzia Baba karatasi. "Mzee, soma mstari huu wa juu."

Baba alisoma. Nami nilichungulia. Paliandikwa: *Mteja anasema beringi imekufa. Anataka bei ya kubadilisha.*

"Karani wa mapokezi alikupa bei ya kile ulichoomba," Bwana Burale alisema. "Sisemi hakukosea. Alipaswa kukuuliza gari lilivyolia, na nitamwambia hivyo. Lakini nawe hukumwambia ulichokisikia. Ulimwambia ulichokifikiria."

Baba alikohoa. Nilimhurumia, maana nilijua jinsi mtu anavyojisikia akikamatwa.

"Basi niambie ukweli," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Bei zenu ni za haki?"

Bwana Burale alivuta kiti akaketi. "Inategemea kazi. Ukija hapa tukutolee gololi kwenye kifuniko, tutakutoza saa nzima ya fundi, kwa sababu ndiyo sheria yetu. Kwako hiyo si haki. Kazi ndogo mpe fundi wako wa mtaani, hasa kama ni mwaminifu kama huyo aliyekutuma kwangu. Lakini mpira wa breki nitakuwekea mpya, nitaupima, na ukiharibika kabla ya miezi mitatu nitaurudia bure. Hapo unalipia usingizi wako. Tena usikubali kipuri kipya kabla hujaonyeshwa cha zamani, iwe hapa au kwingine."

Kazi hiyo iligharimu shilingi mia mbili na sitini. Baba alilipa, akaomba kurudishiwa mpira wa zamani, na Bwana Burale akampa. Kitabu cha sevisi kilipigwa mhuri kama kawaida.

Tulipofika Jericho, Baba hakwenda nyumbani. Alisimamisha gari kwa Munyoki, akafungua kitabu chini ya mhuri mpya. "Na wewe weka wako."

"Sina mhuri, Mzee."

"Una kidole."

Munyoki alitazama kidole gumba chake cheusi kwa oili, akatabasamu, akakibonyeza kwenye karatasi. Baba alipuliza alama hiyo mpaka ikakauka, kisha akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa kikarani.

Jioni Mama alinikalisha karibu naye. Gololi zilikuwa mezani ndani ya gazeti lao. "Hizi utamrudishia Thuo leo," alisema. "Na vyombo utaosha wewe mpaka shule zifunguliwe." Nilikubali. Kisha akakivuta kifuani pake kichwa changu kilichosukwa. "Sikukasirikia gololi, mwanangu. Nilikasirikia siku nne. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi mzuri kuliko wote hawezi kutengeneza kitu ambacho mwenyewe amekificha. Baba yako angelipa bure, mimi ningekosa cherehani changu, na ule mpira wa breki ungebaki ukivuja bila mtu kuujua. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nitasema, Mama."

Mwezi uliofuata, pesa za breki ziliporudi ndani ya mkebe, Mama alinunua cherehani. Shangazi ndiye aliyekileta, kikiwa kimefungwa kamba juu ya kichwa chake, na watoto wa mtaa wakikimbia nyuma. Nilisikiliza magurudumu njia nzima. Hayakulia.

Kijiko hakikunyooshwa. Mama alisema ni changu, nami nilikula uji kwa kijiko hicho hadi nilipokwenda shule ya bweni. Mara mbili hivi katika miaka hiyo nilikuwa na jambo la kuficha. Nilikishika, nikaitazama shingo yake iliyopinda, nikakiweka chini na kumwita Mama.