Tangi la Bwana Picha

Jamaa zangu, kuna nyumba hubomoka bila kelele yoyote, na jirani wa ukuta mmoja asisikie. Niliyo nayo leo ni habari ya nyumba ya namna hiyo.

Mwenye nyumba alikuwa mpiga picha za vitambulisho, na mtaa mzima ulimwita Bwana Picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyokaa: benchi la wateja, kioo cha kuchania nywele, pazia jeupe, na juu ya meza ya pembeni tangi la kioo lenye samaki saba wa dhahabu. Mtoto aliyegoma kupigwa picha aliwaona tu, akanyamaza mwenyewe. Bwana Picha hakujaliwa mtoto. Mkewe alikuwa mwalimu, akitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa mume aliongea na samaki wake, akawauliza habari za maisha na kujijibu mwenyewe.

Ndipo akaja mama mkwe. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, akaagizwa atie dawa ya matone mara nne kwa siku, asikose. Akapewa chumba cha ndani, kilichopakana na studio.

Siku ya kwanza tu alipita mbele ya tangi, akapangusa pua kwa ncha ya kanga.

"Baba, mbona hapa pananuka shombo? Au mmeanza kuuza samaki?"

Ulikuwa utani. Bwana Picha alicheka, lakini neno lilimkaa kooni kama mwiba. Tangu siku hiyo akawa halali usingizi kwa usafi. Kila baada ya siku mbili alimwaga maji yote, akasugua kioo kwa sabuni, akaifua sponji ya kichujio bombani mpaka ikawa kama imetoka dukani, kisha akajaza maji ya bomba papo hapo. Na kwa kuwahurumia samaki kwa usumbufu huo, aliwaongezea chakula. Maji yaling'aa hata ungedhani tangi ni tupu.

Wiki ya pili, samaki mmoja akakutwa anaelea ubavu juu.

"Amezeeka," mkewe alisema.

"Amezeeka vipi? Ndiye mdogo wao."

Siku mbili baadaye akafa wa pili, na waliobaki wakawa wanapanda juu wakihema, midomo wazi. Bwana Picha alisimama mbele ya tangi akipiga hesabu. Nyumba ni ileile. Chakula ni kilekile. Maji ni safi kuliko wakati wowote. Kilichobadilika ni nini? Jibu lilitoka chumba cha ndani likikohoa.

Shaka, ndugu zangu, ikishapata mahali pa kukaa haiombi kiti cha pili. Kuanzia hapo kila alichofanya yule mama kilikuwa ushahidi. Akicheka, anamcheka yeye. Akinyamaza, anapanga jambo. Bwana Picha alipiga mstari wa penseli kwenye kopo la chakula cha samaki aone kama litapungua. Alilaza unywele juu ya kifuniko cha tangi, ukianguka ajue kimefunguliwa. Wateja walikaa mbele ya pazia, shingo zimenyooka, wakimsubiri abonyeze, naye macho yako mlangoni akihesabu hatua za ndala: moja, mbili, tatu, zimesimama. Zimesimama wapi?

Adhuhuri moja alirudi kutoka kununua karatasi za picha, akaingia kwa kunyata kama mwizi ndani ya nyumba yake. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya tangi, uso karibu uguse kioo. Mkononi alikuwa na kichupa.

"Mama, unafanya nini hapo?"

Yule mama alishtuka, akakificha kichupa ndani ya kiganja. "Nawatazama tu, baba."

"Na hicho?"

"Dawa yangu ya macho. Sasa hivi natia."

Jioni ile akafa samaki wa tatu. Basi, kesi ikafungwa kichwani mwa Bwana Picha bila shahidi wala mtetezi. Asubuhi, mama mkwe alipoingia kuoga, aliingia chumbani kwake, akakichukua kichupa na kukifungia kwenye droo ya studio, chini ya betri za kamera. Nia yake ilikuwa akipeleke kwa mfamasia kipimwe. Siku hiyo wateja walikuwa wengi. Kesho yake pia.

Mama mkwe alipapasa kitandani, akapapasa chini ya kitanda, akakung'uta kila nguo. Aliona haya kusema. Kuwekwa kwa watu, kuhudumiwa kama mtoto, halafu upoteze dawa uliyonunuliwa? Mkwewe alimsikia akipapasa na wala hakufungua mdomo. Mwalimu aliporudi jioni akauliza, "Mama, umetia dawa?" naye akajibu, "Nimetia, mwanangu."

Samaki wa nne akafa wakati kichupa kiko ndani ya droo. Mtu mwingine hapo angejiuliza. Bwana Picha alijiambia, kumbe anacho kingine.

Siku ya tatu akamkuta tena penye tangi, mikono mitupu, jicho jekundu linatoka machozi. Uvumilivu ukamwishia.

"Mama, samaki wangu wamekukosea nini?"

"Wamenikosea mimi?"

"Wanne wamekufa tangu uje. Kama hutaki kukaa hapa, sema. Usiniulie viumbe."

Yule mama aliingia ndani, akafunga kibegi chake, akampigia simu mwanawe wa kiume aje kumchukua. Mwalimu aliporudi alikuta kitanda kimetandikwa na mume wake anasugua tangi.

"Umemfukuza mama yangu kwa ajili ya samaki?"

"Amejiondoa mwenyewe. Mwenye hatia hukimbia."

Siku mbili baadaye, nyumba ikiwa haina mtu wa kushukiwa, akafa wa tano. Bwana Picha akawaweka wawili waliosalia kwenye ndoo, akakimbia nao kwa mzee auzaye samaki wa mapambo.

Mzee aliwatazama, akauliza swali moja: "Maji unabadilishaje?"

Bwana Picha akaeleza kwa majivuno: yote, kila siku ya tatu, sabuni, bomba, sponji mpya kabisa.

"Umewaua mwenyewe," mzee alisema, bila ukali. "Maji ya bomba yana klorini. Inaua vijidudu ndani ya bomba, na samaki inamuunguza matamvua anayopumulia. Halafu kwenye ile sponji hukaa vijidudu vyema, vinavyoondoa sumu ya kinyesi na chakula kilichooza. Wewe ulikuwa unavifua vyote, ukiongeza na chakula. Maji kung'aa si kuwa mazima, bwana."

Kabla hajajibu, simu ikalia. Mkewe, hospitalini.

"Jicho la mama limeingiwa na ugonjwa. Daktari anauliza dawa ilikatizwa tangu lini. Mama anasema ilipotea. Wewe hukuiona?"

Angeweza kusema hapana.

"Ninayo mimi," alisema. "Iko kwenye droo."

Simu ikakatwa.

Mwalimu hakurudi nyumbani kwa wiki tatu. Madaktari walihangaika na jicho lile, lakini nuru yake haikurudi. Bwana Picha alipopata ujasiri wa kwenda kwa shemeji yake, alimkuta mama mkwe ameketi barazani. Akapiga magoti upande wake wa kushoto.

"Njoo upande huu, baba," yule mama alisema. "Huko sikuoni."

Akahama, akaomba radhi huku analia, akataja mstari wa penseli, unywele, droo, vyote.

"Unajua nilikuwa natafuta nini pale kwenye tangi?" mama aliuliza. "Walipofungua bandeji, dunia yote ilikuwa ukungu. Rangi ya kwanza kuiona vizuri ilikuwa ya wale samaki wako. Nilikuwa naenda kuwatazama nijue kama jicho linapona."

Bwana Picha alimshika miguu.

"Nimekusamehe. Lakini kwako sirudi. Siwezi kula mahali ninapohesabiwa hatua."

Mwalimu alirudi, kwa kuwa mama yake alimwomba arudi. Wanaishi. Ila mkoba wake siku hizi hauachi sebuleni, asije mume akaupekua.

Somo tunaloondoka nalo

Enyi mnaofuga samaki: badilisheni robo ya maji kwa wiki, si yote. Maji ya bomba yaacheni wazi kwenye ndoo siku nzima, au yatieni dawa ya kuondoa klorini. Sponji suuzeni kwa maji yaliyotoka tangini, sabuni isikaribie, na chakula kiwe kile watakachomaliza kwa dakika mbili.

Na sote tunaoishi na watu: jambo likiharibika nyumbani, tuanze kuchunguza mikono yetu wenyewe kabla ya kuchungulia ya mgeni. Tuulize kwa mdomo, mchana, mbele ya mhusika. Swali moja la mzee wa dukani lilifichua yote. Lingeulizwa wiki mbili mapema, mama wa watu angekuwa anaona kwa macho mawili.