Taya la Maige na Picha Iliyotafuna

Watu wa Katoro, na ninyi mlioko machimboni, nisikilizeni mimi bibi yenu.

Asubuhi moja ya mwaka 1998 nilikuwa uani nikichambua karanga. Mjukuu wangu Maige aliniaga vizuri, akaenda kwenye shimo la dhahabu. Jua halijawa kali, wakamrudisha amebebwa. Mpini wa winchi ya kupandishia mawe ulimponyoka, ukazunguka, ukampiga taya. Lilivunjika mahali pawili.

Kausar mwenye duka alitoa gari lake hata bila kuombwa, likatufikisha Mwanza. Hospitalini palikuwa na daktari mgeni mwenye kompyuta. Alipiga picha za mfupa, akaziingiza mle, siku ya tatu akaniita. Nikaliona taya la mjukuu wangu kwenye kioo, linatafuna peke yake!

"Usiogope, bibi. Napima kabla sijampasua. Hapa nitafunga kipande cha chuma. Akinywa uji, ona, pametulia. Sasa atafune kitu kigumu."

Pakawa pekundu kama kaa la moto.

"Hapo ndipo patakapokatika. Wiki sita, uji na mchuzi tu."

Upasuaji ulikwenda salama, tukarudi nyumbani. Wiki ya tatu Maige alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Kaka yake Donatus akaja na wachimbaji wenzake, wamebeba nyama choma kwenye gazeti.

"Shikamoo, bibi. Huyu bado ananyonya?"

"Marahaba. Daktari amekataza. Nimeona mwenyewe kwenye kompyuta, chuma kitakatika."

"Bibi, hiyo ni video! Kule kwenye banda la video leo namwona mtu anauawa, kesho namkuta kwenye mkanda mwingine anapiga mateke."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Maige akanitazama. "Bibi, nina njaa."

Ndugu zangu, hapo nilipaswa kusema hapana. Nikaona aibu kuchekwa na vijana. Nikamchagulia kipande laini kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kula, ng'wanawane, mwanangu. Taratibu."

Alitafuna mara tano. Nikasikia ko! kama kijiti kikavu. Maige akashika shavu, akalia bila sauti.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Tulifika Mwanza siku ya nne, usaha umeshaingia. Chuma kilikatika palepale palipokuwa pekundu. Daktari hakunigombeza, alinivutia kiti kwanza, nikae. Wakachukua mfupa nyongani, wakaupandikiza tayani.

Maige yu hai. Lakini kinywa chake hufunguka kidogo tu, kijiko hupita kwa ubavu. Donatus ndiye anayempondea ugali kwenye mchuzi kila siku, wala hana utani tena.

Funzo

Picha ile haikuwa mchezo. Ilikuwa hesabu ya mfupa wa mtu mmoja, iliyofanywa ili maumivu yasije. Mgonjwa akikatazwa kitu, msimpe kwa huruma, wala msimcheke anayemkataza. Nawe uliyelisikia katazo kwa masikio yako, lisimamie hata wakikucheka wote. Mimi sikulisimamia.