Mkono Ulioushika Mlango

Ufunguo ulizunguka vizuri, lakini mlango haukufunguka. Lukresia alikuwa ametoka mara moja tu kuchota maji bombani, hapo Karatu, saa sita mchana, na mwanawe Patrisi wa miezi minne alikuwa kalala ndani peke yake. Mlango wenyewe aliununua kwa bei ya kutupa, umeng'olewa kwenye nyumba iliyohamwa ya shamba la kahawa kule Oldeani. Komeo haukuwa nalo. Akausukuma kwa bega. Mlango ukamsukuma.

Mtoto akaanza kulia. Majirani wakamkimbilia fundi Bartolomeo, mtengeneza vitasa na majiko ya mchina ya mafuta ya taa pale sokoni, wakapatana shilingi ishirini. Alichokonoa kitasa kwa waya, kisha akakiacha, akaegemeza paji la uso mlangoni na kunong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyashika, jasho likimtiririka na baridi yote ile. Mlango ukafunguka. Ikatoka harufu ya chuma kilicholowa.

"Arobaini," akasema.

Lukresia alikuwa keshamkumbatia mtoto. "Arobaini? Tulipatana ngapi?"

"Ishirini ya kitasa. Ishirini ya huyo aliyeushika mlango kwa ndani. Bado yumo, mama. Nilipe nimtoe. Nikimtoa bure, atanifuata mimi."

"Mlanguzi mkubwa wee! Unanitishia jini ili ule hela ya mjane?"

Ulikuwa mwaka themanini na tatu, wa msako wa wahujumu uchumi, na neno mlanguzi lilitosha kumfunga mtu. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Josephati, akaja na koti lake la heshima na kuamua papo hapo: ishirini, na fundi ashukuru. Watu wakamzomea Bartolomeo mpaka barabarani. Walifurahi kweli, wajinga wale.

"Mtanitafuta," akasema, akatema mate.

Kesho yake Lukresia hakuthubutu kwenda mbali. Alimlaza mtoto, akasimama kizingitini amwage maji ya vyombo, mlango ukajifunga nyuma yake. Safari hii Patrisi hakulia, na Lukresia alipobandika sikio akasikia kitanda kikilia taratibu kama mtu mzito anakaa, kisha sauti nene ikimbembeleza mwanawe kwa wimbo ule ule anaomwimbia yeye, kwa jina la mapenzi ambalo hajapata kumwambia mtu, na Patrisi akacheka, akacheka, akacheka, mpaka kicheko kikakatika katikati.

Alikimbia hadi sokoni miguu mitupu, noti mbili za ishirini mkononi.

Bartolomeo alikuja akinung'unika. Akatia waya mara moja tu, mlango ukafunguka wenyewe. Patrisi, ambaye alikuwa hajajua kukaa, alikuwa ameketi wima katikati ya kitanda, kimya, akiwatazama.

Lukresia akamrukia, akamfunga mgongoni kwa kanga, akamnyooshea fundi hela yote. Bartolomeo akachukua noti moja, nyingine akamrudishia.

"Chukua zote, fundi. Nilikukosea jana."

"Leo ni ishirini tu," akanong'ona, akirudi kinyumenyume, macho yake yakiwa nyuma ya bega la Lukresia. "Leo hakuna aliyeushika mlango."

"Amekwenda?"

Fundi akageuka. Akaondoka karibu anakimbia. Lukresia alipovuta pumzi amwite, akanusa chuma kilicholowa mgongoni kwake, na vidole vya Patrisi vikamshika shingo, vikaanza kukaza, kwa nguvu ile ile iliyomsukuma mlangoni.