Ulimbo wa Tukiran

Kila asubuhi Tukiran alipandisha kizimba cha tetere juu ya mlingoti kwa kamba, ili ndege aimbe akiota jua. Kisha alianika mpunga uani.

Tetere huyo aliachwa na marehemu mama mkwe wake. Mkewe, Sumini, alimpenda sana. Tetere akiimba, Sumini aliacha kutwanga, akasikiliza. Alisema ni kama mama yake yuko nyumbani.

Mwaka huo shomoro walikuwa wengi, tena hawakuwa na haya. Ukiwafukuza huku, wanatua kule.

"Leo watanikoma!" alisema Tukiran. Alipaka vijiti ulimbo wa utomvu wa fenesi, akavichomeka kuzunguka mikeka ya mpunga ili shomoro wanase.

"Baba Ratri, ulimbo hauchagui," Sumini alimwonya.

"Hata mimi sichagui. Nitawakaanga wote!"

"Mtu mzima unagombana na shomoro!"

Tukiran alicheka, akaenda kupandisha kizimba. Vidole vyake vilikuwa vinanata. Alisukuma mlango wa kizimba kwa kiwiko, hakuufunga kwa komeo, akavuta kamba.

Jua lilipopanda, Sumini alipiga kelele. "Baba Ratri! Tetere!"

Tetere alikuwa ameshuka kula mpunga, na bawa lake limenasa kwenye kijiti. Tukiran alimkimbilia, akamvuta. Manyoya yalibaki kijitini pamoja na ngozi.

"Usivute!" Jirani yao, Bi Warsini, anayefundisha wakulima pale kijijini, aliingia mbio. "Leteni unga wa mchele, tunyunyize asizidi kunasa. Kisha tulainishe ulimbo kwa mafuta ya kupikia, kidogo kidogo."

Walifanya hivyo, lakini ngozi ilikuwa imechanika vibaya. Kabla ya adhuhuri, tetere alikufa mapajani mwa Sumini.

"Nilikwambia hauchagui," Sumini alisema huku akilia.

"Nilitaka shomoro tu," Tukiran alijibu kwa sauti ndogo.

"Hata shomoro anaumia vivyo hivyo, kaka yangu," alisema Bi Warsini. "Tena huwalisha makinda wake wadudu wanaokula mboga zako. Mzuie, usimtese."

"Nimzuieje?"

"Tandaza wavu wenye matundu madogo juu ya mpunga. Uinue kwa miti, uukaze sana. Ukilegea, ndege atanasa. Pindo zibane chini kwa mawe, na uukague mara kwa mara. Halafu zoa punje zilizomwagika. Hizo ndizo zinazowaita."

Tukiran aling'oa vijiti vyote, akavichoma moto. Walikaza wavu pamoja. Shomoro walikuja, wakarukaruka pembeni, wakakosa pa kuingilia, wakaenda zao. Mpunga ulikauka salama, na magunia yalijaa kuliko mwaka uliopita. Majirani nao walikuja kuuliza wavu unakazwaje, na Tukiran aliwaonyesha wote. Hakuficha kilichompata. Alijuta, naye alitaka wajue.

Lakini majuto ni mjukuu. Asubuhi moja alijikuta ameshika kamba ya mlingoti kama zamani. Aliivuta, na kizimba kikapanda upesi, maana kilikuwa kitupu. Alisimama pale akisikiliza. Nyuma ya nyumba Sumini alikuwa anatwanga. Alitwanga mpaka mpunga ukaisha kinuni, wala hakutua hata mara moja.