Uso wa Nne

Mhoja, mchonga mawe ya makaburi pale Mkuyuni, alikuwa anafunga kazi jioni. Mkewe Modesta alishamwambia apitie sokoni achukue sato. Lakini sanamu aliyoletewa na Mzee Jayanti, mlezi wa hekalu la Wahindu, ilimuwasha mikono.

Ilikuwa Shiva, mungu wa Wahindu, wa jiwe, wa miaka elfu na zaidi, kaletwa azibwe ufa wa chini tu. Nyuso tatu: wa katikati umetulia, wa pili wa kike, wa tatu umetoa meno. Mzee Jayanti alimweleza kwa fahari jinsi mafundi wale wa kale walivyochota huku na huku, mikunjo ya nguo kwa Wagiriki, taji kwa wafalme wa Uajemi, wakachanganya mpaka ikawa yao. Ila nyuma jiwe lilikuwa ghafi. Uso wa nne hauchongwi, alisema, wala hauonwi na mtu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mhoja akaona mafundi wale wa kale walichoka tu, akashika patasi.

Ko! Ko! Ko!

Alinuia kuiga ule uso uliotulia. Mkono ukakataa. Shavu likaja jembamba, kidevu kikaja na kishimo...

Modesta.

Jasho likamtoka. Yeye huchonga sura za marehemu, za walio hai hajathubutu. Harufu ya udi ikajaa, na hakuna aliyewasha udi. Akaikimbilia simu mezani, akampigia mkewe, akamuuliza kama yu salama.

Sauti yake ikaja, ya chini, kavu.

"Mhoja... mbona umenipa mgongo?"

Sanamu ilikuwa nyuma yake. Hakugeuka. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Macho yanauma," akanong'ona mkewe. "Hayafumbi."

Ndipo akageuka. Macho ya jiwe yalikuwa mabonge tu, hayana kope. Akaanza kuzichonga, taratibu, akizishusha mpaka zikafumba, huku akimbembeleza mkewe kwenye simu.

"Ahsante," Modesta akasema, kwa sauti ya usingizi.

Alipofika nyumbani alimkuta kitandani, ana joto, anapumua. Akamwita. Akamtikisa. Mpaka asubuhi hakuamka.

Mzee Jayanti alipouona uso ule, alikaa chini.

"Nani alikwambia uyafumbe?"

Mhoja akauliza kama yanafumbuka.

"Yanafumbuka," akajibu mzee. "Ila sasa patasi itapita ndani ya jicho."

Wiki ya tatu hii Modesta amelala. Kila jioni Mhoja huiweka patasi kwenye kope ya jiwe, na kila jioni, kule nyumbani, kope za mkewe hutetemeka. Jana aliinua nyundo tena. Akaishusha bila kugonga.