Walichonakili Pamoja na Baba

Harufu ya udi ilianza saa nne asubuhi. Ilitoka kwenye kompyuta ya studio, na hakuna aliyewasha udi. Kisha kompyuta ikalia: pii, pii, pii.

"Shemeji, si ulisema huo mlio umeukata?" aliuliza mjane mwenye studio ya video.

Fundi, mdogo wake marehemu mumewe, aliinama kuchungulia nyuma ya kompyuta. "Waya niliung'oa kwa mkono wangu."

Aliung'oa miezi miwili nyuma, eti mlio unamkera. Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili, na kila kitu kiliandikwa kwenye zote, ili moja ikifa nyingine ibaki. Moja ilipokufa, kompyuta ikalia kuomba nyingine, na bwana fundi akainyamazisha! Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mvivu hasikii mpaka ukuta umwangukie.

"Umeniua, shemeji!" Mjane alipiga meza kwa hasira. "Sauti ya mume wangu imo humo tu. Mwanangu hakumkuta baba yake. Ikifa na hii, atamsikia wapi?"

Fundi alichomeka diski mpya, akaanza kunakili. Ilipofika asilimia arobaini, ile ya zamani ikaanza kugonga kutoka ndani, ko, ko, ko, taratibu kama mgeni mlangoni, na chumba kikapoa ingawa jua liliwaka dirishani, na udi ukageuka kunuka nywele zilizoungua, na kitu kikapumua kwenye spika ambazo hazikuwa zimeunganishwa popote, kikivuta pumzi ndefu, kikicheka kidogo kidogo.

Wakamwita mganga, mama mmoja wa mtaa wa pili. Hakuvuka kizingiti. "Ni jini," alinong'ona. "Aliingia kwenye ile diski mliyoiacha maiti, sasa kahamia kwenye nzima. Mkinakili, mnamnakili naye, na akimwita mtu, aitikaye ni wake. Zimeni, tuzichome zote."

"Hatuzimi," alisema mjane.

"Mwanangu..."

"Mama, nimesema hatuzimi! Mume wangu nilishamzika mara moja."

Mganga akafunga mkoba wake, akaondoka. Fundi akaacha diski iendelee kunakili.

Asilimia mia. Harufu ikakatika. Mjane akafungua video, na marehemu akatokea akicheka vilevile, akipungia kamera. Mjane alilia kwa furaha, akamwita bintiye wa miaka minne.

Mtoto akasogeza uso karibu na skrini. "Mama, baba ananiita."

Kweli alikuwa anaita, tena kwa jina la mtoto, ambalo mjane alilichagua miezi mitatu baada ya mazishi.

Kabla mama hajawahi kumziba mdomo, mtoto aliitika.